Ziwa Tshangalele na mbuga zake: historia ya maji yaliyoletwa na kazi

Ukiuliza wanafunzi wa Likasi nani alifanya ziwa Tshangalele, jibu ni moja: Mungu. Sisi walimu tumelisikia jibu hilo mara nyingi, na hata watu wazima wenye diploma wanalitoa bila kufikiri. Haishangazi. Mutu anayesimama kule Kapolowe asubuhi ya mwezi wa saba, wakati ukungu unapanda juu ya maji na mitumbwi inarudi, anaona kitu kinachofanana na kazi ya tangu kuumbwa kwa dunia. Kumbe ziwa hilo lina mwaka wa kuzaliwa: ni 1930. Wakati huo babu zetu wamoja walikuwa tayari watu wazima, na walipita kwa miguu fasi ambapo leo samaki wanaogelea.

Katika kurasa hizi tunapenda kueleza namna ziwa lilivyofika, kitu gani kilikuwa kule mbele yake, na sababu gani historia yake haiwezi kutengana na historia ya muji wetu. Hatuandiki juu ya kupamba. Wale walioona bonde la Lufira bila ziwa wamekwisha kuondoka, na wale waliosikia kwa kinywa chao wanaondoka sasa, mumoja mumoja.

Tuanze na inchi yenyewe. Ziwa liko upande wa kusini-mashariki ya Likasi, katika teritware ya Kambove, kwa urefu wa karibu mita 1,100 juu ya bahari. Ukilinganisha na Tanganyika, yenye kilomita za mraba zaidi ya 32,000 na kina kinachoshuka mupaka mita 1,470, Tshangalele ni kidimbwi tu. Wakati maji ni mengi linafika kilomita za mraba 400 na kidogo, na kina chake fasi nyingi ni mita chache tu. Ni sahani, si chungu. Kwa sababu hiyo maji yakishuka kidogo katika kiangazi, pwani inarudi nyuma mbali sana na kuacha matope na majani. Mugeni anayefika mwezi wa kumi na kurudi mwezi wa ine anaweza kufikiri ameona maziwa mawili.

Kandokando kuna dembo. Kila mutu wa Katanga anajua dembo: bonde pana lisilo na miti, lenye majani marefu, ambalo maji yanakaa ndani yake wakati wa mvua na ambalo linakauka polepole. Mwezi wa sita na wa saba, asubuhi mapema, dembo inakuwa na baridi kali, hata barafu nyembamba inaweza kuonekana juu ya majani. Wageni wanaofikiri kwamba Afrika yote ni joto wanashangaa. Halafu kuna pori la miti, lile tunalokatia makala, na juu zaidi kuna milima tambarare: Kundelungu upande wa mashariki, Biano upande wa mangaribi. Kule juu, ambapo Kundelungu inafika karibu mita 1,700, miti inakwisha kabisa. Ni majani tu, upepo, na mbingu. Muto Lofoi unatoka katika majani hayo na kuanguka kwa pigo moja zaidi ya mita 300. Serikali ilifanya inchi hiyo kuwa Parke ya Kundelungu mwaka 1970.

Na kuna inchi nyingine isiyo na miti, ndogo zaidi, ambayo watu wa Likasi tunapita karibu nayo bila kuitazama: vilima vya shaba. Pale ambapo mukuba uko karibu na uso wa udongo, miti haioti. Yanaota majani mafupi na maua ya namna yake, yanayovumilia shaba. Wahenga wetu hawakuwa na maabara ya kupima udongo. Waliona kilima cheupe katikati ya pori, waliona ua fulani, wakajua chini kuna nini. Wajeolojia wa kizungu walipofika, vilima vingi walivyoonyeshwa vilikuwa vimekwisha kuchimbwa tangu zamani, na wao wenyewe waliandika hivyo.

Basi mbele ya ziwa kulikuwa nini? Kulikuwa muto Lufira unaopita polepole katika bonde la majani na matope, mupaka kwenye miamba ya Mwadingusha ambapo unaanguka zaidi ya mita mia moja. Kulikuwa wanyama, kwa sababu dembo ni malisho. Na kulikuwa vitu viwili vilivyoleta watu kutoka mbali: chumvi na shaba.

Chumvi ilitoka Mwashya, kando ya Lufira. Katika kiangazi, maji yakikauka, udongo wenye chumvi unabaki juu kama unga. Watu waliukwangua, wakauweka katika kichungi, wakamwagia maji, halafu wakachemsha maji yale ndani ya vyungu mupaka chumvi ikabaki. Kazi hiyo inaonekana ndogo mbele ya mutu anayenunua chumvi ya plastiki ku soko. Lakini kwa wakati ule chumvi ilikuwa mali kubwa, ilitembea safari ndefu, na mufalme aliyeshika njia ya chumvi alikuwa mufalme kweli. Wasanga, Walamba, na kisha Wayeke, wote walijua hivyo.

Shaba ilikuwa na musimu wake pia. Mavuno ya mutama yakiisha, mvua ikikatika, watu walitoka mu vijiji kwenda kukaa karibu na vilima. Wanaume walichimba, wanawake na watoto walichagua na kuosha mawe. Walijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, kwa sababu udongo huo unavumilia moto. Walikuwa na makala ya miti migumu na mivuo ya ngozi ya swala. Kazi ilikuwa na bwana wake, mwenye siri na dawa za mukuba, na hakuna aliyegusa tanuru bila ruhusa yake. Shaba iliyotoka ilimwagwa katika vikalibu na kuwa misalaba, ile ambayo leo iko katika mamuze ya dunia nzima na juu ya mikufu inayouzwa kwa wageni. Mvua ya kwanza ikikaribia, watu walirudi ku mashamba.

Wazee waliita kazi hiyo kula mukuba. Mgr Jean-Félix de Hemptinne, Mubenediktini aliyekuwa askofu wa Katanga, aliandika juu yao chini ya kichwa «Les mangeurs de cuivre du Katanga», na maandishi yake yalitoka mwaka 1926, miaka mine tu mbele ya ziwa. Wengi wanaosoma kichwa hicho kwa Kifaransa wanacheka, kama kwamba wahenga wetu walitafuna chuma. Lakini mutu anayesema lugha za hapa haulizi kitu: kula ni kufaidika na kumiliki, sawa vile tunasema mutu amekula ufalme. Kwa mawazo yetu, neno hilo peke yake linaeleza siasa ya inchi hii kuliko vitabu vingi. Kila muda ulikuwa na mulaji wake.

Mulaji mukubwa wa karne ya 19 alikuwa Msiri. Alitoka Unyamwezi, upande wa Tanzania ya leo, akajenga Bunkeya katika bonde la Lufira, chini zaidi kufuata maji, na akashika shaba, chumvi, pembe za tembo na watumwa. Wasanga walimwasi mwaka 1891. Mwaka uleule msafara wa Paul Le Marinel ulifika Bunkeya na kuacha kituo ku Lofoi, na tarehe 20 Desemba 1891 watu wa msafara wa kapiteni Stairs walimuua Msiri. Nyuma yao ulifika msafara mwingine, wa Lucien Bia na Émile Francqui, pamoja na mujeolojia Jules Cornet. Bia alikufa mwaka 1892 katika safari hiyo, na Francqui akashika uongozi. Cornet ndiye aliyeandika mawe ya Katanga, kilima kwa kilima.

Tunaomba musomaji ashike majina hayo, maana yatarudi. Maporomoko ya Mwadingusha yaliitwa Chutes Cornet. Kituo cha umeme kilichojengwa pale kiliitwa Francqui, na kile kilichojengwa baadaye ku Koni, mwaka 1950, kiliitwa Bia. Muji wetu wenyewe uliitwa Jadotville mwaka 1931, kwa heshima ya Jean Jadot, mukubwa wa Union Minière na wa Société Générale ya Ubelgiji. Jadot na Francqui walikuwa wangali hai wakati majina yao yaliwekwa juu ya inchi yetu. Lakini ziwa? Mu makaratasi liliitwa tu «lac de retenue de la Lufira», maji yaliyozuiwa ya Lufira. Hakuna bwana aliyelitaka kwa jina lake. Labda kwao lilikuwa kitu cha masini tu, sawa na tanki. Ndiyo maana jina Tshangalele, jina la watu wa hapa, lilibaki. Mwaka 1966 serikali ilipoondoa majina ya kikoloni, Jadotville ikarudi kuwa Likasi. Na Francqui na Bia wakaondoka pia ku vituo vya umeme, vikabaki Mwadingusha na Koni. Ziwa halikuhitaji kubatizwa mara ya pili.

Sasa kwa nini waliziba muto? Jibu liko Shituru, si Kapolowe. Union Minière ilizaliwa mwaka 1906, na kwa miaka ya kwanza iliyeyusha mawe yenye shaba nyingi kwa moto, kwa koke na makala ya mawe yaliyoletwa kwa reli. Lakini mawe mazuri sana hayadumu. Kwa mawe yenye shaba kidogo kulihitajika namna nyingine: kuyasaga, kuyatia katika asidi ya sulfuri, kupata maji ya buluu, na kupitisha umeme ndani ya maji hayo mupaka shaba safi ishike juu ya mabamba. Kiwanda cha Shituru kilianza kazi hiyo mwaka 1929. Namna hiyo inakula umeme muchana na usiku, bila kupumzika. Na muto Lufira, kama mito yetu yote, unapumzika katika kiangazi. Basi ilibidi kuwekeza maji ya mvua, kama mama anayeweka unga katika ghala kwa ajili ya miezi ya njaa. Ghala hilo ndilo Tshangalele.

Hivi kiwanda kina 1929, ziwa lina 1930, na jina Jadotville lina 1931. Tunapowafundisha watoto tarehe hizo tatu kwa mustari mumoja, wanaelewa haraka kuliko kwa somo la saa mbili. Miaka ileile bei ya shaba ilianguka katika dunia nzima kwa sababu ya hali mbaya ya uchumi, na wafanyakazi wengi walirudishwa kwao. Kampani ilikuwa na masini mapya na maji tele, na watu bila kazi. Hiyo ni historia nyingine.

Bonde likafunikwa. Kama inavyokuwa kwa kila ziwa la namna hiyo, majani yaliyozama yaliooza na kulisha samaki, na samaki wakawa wengi. Dembo ya wawindaji ikawa maji ya wavuvi. Tilapia na kambale wa Tshangalele walianza kupanda treni ku Kapolowe kwenda Likasi na Elisabethville, ambako kambi za wafanyakazi zilikuwa na njaa ya samaki. Watu walikuja kukaa kandokando kutoka pande nyingi, na lugha zikachanganyika mupaka Kiswahili kikawa lugha ya pwani yote. Chakula cha bukari na samaki wa Kapolowe, ambacho leo tunakiita chakula cha kienyeji, hakina miaka mia moja.

Vita ilipita pale pia. Mwezi wa Septemba 1961, wakati wa Katanga ya Tshombe, kundi la waaskari wa Irlandi wa Umoja wa Mataifa walizungukwa hapa Jadotville. Wenzao waliotoka Elisabethville kuwasaidia walizuiwa ku daraja la Lufira, juu kidogo ya ziwa, na baada ya siku chache wale waliozungukwa walijitoa. Baadaye waaskari wa India walifika ku muto uleule, wakakuta madaraja yamebomolewa, wakavuka hivyohivyo, na tarehe 3 Januari 1963 wakaingia mu muji. Watu wa inje wamefanya filme juu ya habari hiyo. Lufira ndani yake ni muto wa kuvuka tu.

Tufike sasa ku jambo linalotusumbua zaidi. Ziwa lilifanywa kwa ajili ya kiwanda, lakini kiwanda na ziwa wameungana pia kwa njia nyingine, ambayo haikuandikwa ku plani yoyote ya sherehe: muto Panda. Panda unapita Likasi, unapokea maji ya Shituru na uchafu wa muji, halafu unaingia mu Lufira na kufika Tshangalele. Maji hayana njia nyingine. Kwa hiyo umeme unapanda kutoka ziwani kuja kiwandani, na yale yanayobaki kiwandani yanashuka kwenda ziwani, na baraji inayazuia pale. Ziwa lisilo na kina, lenye matope na majani, linashika vitu kama kichungi. Watafiti wa Universite ya Lubumbashi pamoja na wenzao wa Ubelgiji walipima mambo hayo. Walikuta shaba, kobalti na metali nyingine katika matope, katika majani na katika samaki wa bonde la Lufira ya juu. Utafiti mwingine, uliotolewa mwaka 2009, ulionyesha kwamba watu wa Katanga wanaokaa karibu na migodi na viwanda walikuwa na kobalti ndani ya mikojo yao kwa kiasi kikubwa sana.

Hatusemi hayo ili mama muuzaji wa samaki ku soko ya Kikula akose wateja. Yeye hakumwaga asidi. Lakini ni vizuri kuelewa kwamba wale wanaokula samaki wengi zaidi ni wale wenye pesa kidogo zaidi, na hesabu yao iliongezeka kwa sababu inayojulikana. Gécamines, iliyorithi Union Minière tangu 1967, ilianguka katika miaka ya 1990. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa ile operesheni iliyoitwa «départs volontaires». Kwa kujitolea! Kila familia ya Likasi inajua neno hilo lilikuwa na maana gani. Wanaume waliokuwa wamezoea sireni ya kiwanda na posho ya mwisho wa mwezi walinunua jembe, ao nyavu. Ziwa liliwapokea, lakini liliwapokea wote kwa wakati mumoja. Macho ya nyavu yakawa madogo, wengine wakavua kwa chandarua ya mbu iliyotolewa ku hospitali, na samaki wakawa wadogo kama macho ya nyavu. Pori la kandokando likageuka makala.

Makaratasi ya kulilinda bonde yako. Mwaka 1982 UNESCO iliandika Bonde la Lufira katika hifadhi zake za biosfera, na mwaka 2017 bonde lote liliandikwa katika mapatano ya Ramsar juu ya inchi zenye maji. Wavuvi wengi hawajasikia jina la karatasi hizo hata mara moja. Wanachosikia ni habari ya umeme, maana baraji inaonekana. Masini ya Mwadingusha, yaliyochoka sana, yalitengenezwa upya kwa mapatano ya SNEL na kampani ya Ivanhoe, na kazi ikaisha mwaka 2021: masini 6, megawati 78, kwa ajili ya mugodi wa Kamoa-Kakula upande wa Kolwezi. Wengine wanalalamika kwamba waya zinapita juu ya vijiji vyenye giza. Wana haki ya kulalamika, lakini jambo hilo si jipya. Tangu siku ya kwanza maji yale yaliwekwa kwa ajili ya shaba, na taa za nyumba zilikuja nyuma.

Kuna mukaaji mumoja wa Tshangalele ambaye tunapenda kumutaja mbele ya kuweka kalamu. Ni ndege mudogo wa jamii ya mnana, wale wanaofuma viota vya kuning'inia. Dume ni wa manjano, mwenye kichwa cheusi. Mwaka 1960 Jean-Claude Ruwet, mwanasayansi Mubelgiji aliyekuwa anachunguza maisha ya tilapia katika ziwa, alimukamata mumoja. Miaka ilipita, mwaka 1982 ndipo wataalamu walimutambua kuwa aina ya peke yake na kumupa jina la kisayansi Ploceus ruweti. Halafu hakuna aliyemuona tena, wengine wakafikiri amekwisha, mupaka mwaka 2009 alipopatikana tena palepale, kandokando ya ziwa. Hajulikani fasi nyingine yoyote ya dunia isipokuwa bonde hili la Lufira. Aina ya ndege haizaliwi kwa miaka 30, kwa hiyo alikuwa hapa mbele ya baraji, mu matete ya dembo ya zamani, wakati Wasanga walichota chumvi na kula mukuba. Maji yalipopanda alipanda nayo, na angali anafuma kiota chake pale maji yanapokutana na majani.